UCHAMBUZI: Tovuti nadhifu ni dhamana kwa mteja wa ng'ambo ya mpaka

MFANYABIASHARA wa Lubumbashi hutuma maelfu ya dola Japani kununua gari ambalo hajaligusa, kwa watu ambao hajawahi kuwaona. Lakini mfanyabiashara huyo huyo akitakiwa kutanguliza nusu ya nauli kwa mwenye malori matano jijini Dar es Salaam, husita. Huuliza nani anamfahamu, na mara nyingi huishia kupita kwa dalali, ambaye naye huchukua chake.

Hali hii inashangaza kidogo. Dar es Salaam ipo karibu kuliko Tokyo, na Kiswahili wanaelewana.

Tofauti ipo katika kile mteja anachokiona kabla hajatoa fedha. Kampuni kama Be Forward, iliyoanzishwa mwaka 2004, zilijenga soko barani Afrika kwa kutumia tovuti. Kila gari lina namba yake, picha za pande zote, mwaka, ukubwa wa injini, kilomita lilizotembea, na bei mbili: ya kununulia, na ile ya kulifikisha bandarini. Mteja anajua jumla yake kabla hajamuuliza mtu swali hata moja.

Wasomi wa uchumi wana maelezo ya jambo hili. Mwaka 1970 Mmarekani George Akerlof aliandika kuhusu soko la magari yaliyotumika: mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zima na bovu, hutoa bei ya wastani kwa yote, na wenye magari mazuri hujitoa sokoni. Mwaka 2001 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz.

Weka wakala wa forodha mahali pa gari, na hesabu ni ile ile. Wakala mwaminifu mwenye namba ya simu tu, machoni pa mgeni, hana tofauti na tapeli mwenye namba ya simu. Hivyo mwaminifu hubanwa bei kwa hofu iliyosababishwa na tapeli, au mzigo unakwenda kwa kampuni kubwa yenye ofisi za ghorofa hata kama inatoza zaidi.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba urembo wa kurasa unatosha. Tapeli naye anaweza kulipia kurasa zinazong'aa, na shirika la biashara la Japani, JETRO, limekuwa likitoa tahadhari juu ya wauzaji bandia wa magari kwenye mtandao. Kinachojenga imani ni taarifa ambazo mteja anaweza kuzihakiki kwa mtu mwingine: namba ya usajili wa BRELA, leseni ya uwakala wa forodha inayotolewa na TRA, leseni za LATRA za magari ya mizigo, mtaa na jengo ilipo ofisi, na akaunti ya benki yenye jina lile lile la kampuni. Barua pepe nayo iwe ya jina la kampuni. Profoma ya maelfu ya dola ikitumwa kutoka anuani ya bure ambayo yeyote anaweza kuifungua kwa dakika mbili, mhasibu wa Ndola au Kigali ana haki ya kuitilia shaka.

Wapo watakaosema WhatsApp na Facebook zinatosha. Kwa mazungumzo ni kweli, na hakuna haja ya kuziacha. Lakini Oktoba 4, 2021 huduma hizo pamoja na Instagram zilizimika duniani kote kwa takriban saa sita, na aliyekuwa hana njia nyingine ya kupatikana alikaa kimya siku ile. Zaidi ya hapo, bei uliyoiandika kwenye mazungumzo huzama chini ya salamu na picha za harusi. Mteja mpya hawezi kuiona, na wa zamani haikumbuki.

Gharama ya kutengeneza tovuti ya kurasa tano si kizuizi kwa mwenye lori linalokwenda Zambia na kurudi. Ugumu upo katika kuitunza. Tovuti yenye nauli za miaka miwili iliyopita na simu isiyopokelewa ni mbaya kuliko kutokuwa nayo kabisa, maana inamwambia mteja kwamba biashara imekufa.

Suala jingine ni lugha. Mawakala wengi huandika Kiingereza peke yake, wakati Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, hufanya kazi za ofisi kwa Kifaransa, na watu wa mashariki na Katanga huongea Kiswahili. Ukurasa mmoja wa Kifaransa na mmoja wa Kiswahili huweza kuleta mteja ambaye Kiingereza kilimfukuza.

Na kwenye kurasa hizo yaandikwe yale ambayo madereva na wenye mizigo hugombania kila mwezi: nauli inaishia wapi, nani analipia maegesho, na lori likikwama foleni Kasumbalesa, siku za kusimama zinaanza kuhesabiwa lini na kwa kiasi gani kila siku.