Modemu haina kosa: tuacheni na wimbo wa "zima, washa"

KAMINA, Haut-Lomami. Sikatai kwamba modemu huharibika. Ninachokataa ni tabia ya kumwambia kila mteja anayekatikiwa na mtandao kwamba kosa liko nyumbani kwake. Mwezi uliopita nilienda kulalamika katika ofisi moja ya mtandao hapa mjini, jina lake naliacha. Binti aliyekaa mezani hakuinua hata macho: "Papa, zima modemu, ngoja dakika tano, washa." Nikamwambia, "Mwanangu, nazima na kuwasha tangu Jumatatu." Akajibu, "Basi imekufa, Papa. Utanunua mpya." Hiyo mpya ilikuwa nyuma yake, ndani ya kabati la vioo, bei imebandikwa kwa dola.

Mbele yangu kwenye mstari alisimama mama mmoja, muuza vitenge, ambaye tayari alikuwa ameinunua mpya. Ina wiki mbili. Nayo inakatika.

Sikununua. Nilirudi nyumbani, nikachukua daftari la shule, na kwa siku 14 nikaandika kila mtandao ulipokatika: saa ngapi, kwa muda gani, taa za modemu zilikuwaje, na kama jirani mwenye laini ya kampuni ileile naye alikatikiwa. Kazi ya kuchosha, lakini ilinifundisha kuliko safari tatu za ofisini.

Nianze na aibu yangu, asije mtu akasema namsingizia mwingine. Kukatika kwa usiku wa manane kulikuwa kosa langu. Modemu yangu inatumia volti 12 kutoka kwenye batri ya pano ya jua, na batri imezeeka. Ikishuka chini ya volti 11, modemu inajizima, inajiwasha, inajizima tena. Waya mmoja pia ulikuwa umelegea. Nilikaza waya, nikaazima batri nyingine, na shida ya usiku wa manane ikaisha. Sisi wa Kamina ambao nyumba nyingi zinategemea jua au jenereta, tuanzie hapo kabla ya kupiga kelele. Tena tusiweke modemu chini kabisa ya bati, kwenye joto la mchana, halafu tushangae inapozimika.

Ila shida ya jioni haikuisha. Siku 11 kati ya zile 14, mtandao ulikatika kati ya saa 12 jioni na saa 3 usiku. Simu zote za nyumbani zilibaki zimeshikana na modemu vizuri, mega hazikuwa zimeisha, lakini hakuna ukurasa uliofunguka. Nikatoa laini ndani ya modemu, nikaitia kwenye simu yangu: hali ileile. Jirani: hali ileile. Sasa niambieni, modemu yangu imeingiaje katika nyumba ya jirani?

Kuna kipimo kingine, nacho hakihitaji fundi. Geuza modemu, chini yake kuna karatasi yenye anwani ya namba. Iandike mahali unapoandika anwani za mtandao, ukurasa wa modemu utafunguka, tafuta nguvu ya mawimbi kwa desibeli. Namba hizo huwa na alama ya kutoa mbele. Ikiwa karibu na -80, uko vizuri. Ikishuka hadi -110 na zaidi, uko mbali na mnara au ukuta unakuzuia, na hapo kweli kuhamishia modemu dirishani kunaweza kukusaidia. Kwangu ilikuwa -88 mchana mtandao unapokimbia, na -88 jioni unapokufa. Mawimbi ni yaleyale. Maana yake njia kutoka nyumbani hadi kwenye mnara ilikuwa nzima, na kilichojaa kilikuwa ni mnara wenyewe au barabara iliyo nyuma yake.

Sisi watoto wa mji wa reli tunalielewa hilo bila kufundishwa. Kamina ni njia panda ya SNCC: huku Lubumbashi, kule Ilebo, kule Kabalo na Kalemie. Stesheni inaweza kufagiliwa, taa zikawaka, na treni isije. Mistari minne ya mawimbi kwenye simu yako ni stesheni tu. Anayekuuzia modemu ya pili anakuuzia benchi jipya la kusubiria.

Jioni mbili tu ndizo mistari yenyewe ilitoweka, mtaa mzima kwa pamoja. Huko ni mnara kukosa umeme. Sawa, mazutu ni ghali na barabara tunazijua. Agosti 2023 maporomoko ya chini ya bahari kwenye korongo la mto Kongo yalikata nyaya za WACS na SAT-3, na hatukumlaumu mtu. Lakini mnara unaojaa kila jioni, saa ileile, si maporomoko ya bahari. Ni wateja wengi waliouziwa nafasi isiyokuwepo.

Na makuta je? Forfe ya siku 30 inahesabu hata saa ambazo hukupata kitu. Wanasema kuzirudisha ni vigumu kwa mashine zao. Vigumu? Kuanzia Septemba 2020 tulikatwa RAM, dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G au 4G na dola 1 kwa ya 2G, unite kwa unite, mpaka ilipofutwa mwaka 2022 baada ya kelele za wananchi na wabunge. Mashine iliyojua kutoa inajua pia kurudisha.

Wengine watasema, nunua Starlink, imeruhusiwa nchini tangu Mei 2025. Mwenye uwezo anunue. Lakini sahani ile inakula umeme mara nyingi kuliko modemu, na mwanafunzi anayejaza fomu ya chuo jioni kwa batri ya taa hawezi kuibeba.

Sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 ipo, na ARPTC ipo kusimamia ubora wa huduma. Hawawezi kuja kupima kila nyumba ya Kamina. Ila wanaweza kuzilazimisha kampuni ziwe na kitabu cha malalamiko, na mteja apewe nakala yenye muhuri. Siku zilizopotea zirudishwe kwenye forfe. Mnara ukizimwa, tangazo litoke redioni kabla hatujaanza kufungua waya.

Jumatatu saa 3 asubuhi narudi katika ofisi ile na daftari langu, kurasa zimepigwa fotokopi. Yule mama wa vitenge anakuja na modemu zake mbili. Mwenye daftari lake aje nalo.