Uadilifu Upimwe Kabla ya Kura, Si Baada ya Kiapo

Wahenga walinena kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hii ina hekima yake, lakini kila uchaguzi unapokaribia nchini Kenya hugeuzwa kuwa ngao ya wanasiasa wasio waadilifu. Mpiga kura huhimizwa amchague mtu wa kwao hata kama mienendo yake inatiliwa shaka, kwa matumaini kwamba zimwi la nyumbani litambakizia chochote. Hatuna budi kuuliza: ni nani aliyetuamuru tuchague mazimwi?

Swali hili lina uzito wa pekee kwa sisi wa Makutano. Jina hilo lina wenyewe wawili katika ukanda wetu. Kuna Makutano ya mjini Meru, na kuna Makutano ya njia panda, pale barabara itokayo Nairobi inapogawanyika, mkono mmoja ukienda Sagana na mwingine ukipitia Mwea na Embu hadi Meru. Anayeufuata mkono huo wa pili hufika katika kaunti mbili ambazo zimeonja gharama ya kuchelewa kuuliza maswali.

Tuanze na Embu. Mnamo Januari 2014, chini ya mwaka mmoja baada ya uchaguzi wa kwanza wa magavana, Bunge la Kaunti lilipiga kura ya kumwondoa Gavana Martin Wambora. Miongoni mwa madai yaliyotolewa ni yale yaliyohusu ukarabati wa uwanja wa michezo na ununuzi wa mbegu za mahindi. Seneti iliidhinisha uamuzi huo, naye akawa gavana wa kwanza nchini kuondolewa kwa njia hiyo. Aliondolewa tena mwaka uo huo, kesi zikafuatana, na hatimaye mnamo 2015 Mahakama ya Rufani ikaamua kwa manufaa yake. Wapiga kura wakamrejesha afisini mwaka 2017.

Meru nayo ilimchagua Kawira Mwangaza mnamo Agosti 2022, akiwa mgombea huru. Wawakilishi wadi walijaribu kumwondoa mwaka huo huo, wakajaribu tena 2023, na mara zote mbili wakagonga mwamba katika Seneti. Mara ya tatu, Agosti 2024, Seneti iliafiki. Gavana aliyakana madai hayo na kwenda mahakamani, lakini Machi 2025 Mahakama Kuu ilishikilia uamuzi wa Seneti, na naibu wake, Isaac Mutuma, akaapishwa.

Makala haya hayakusudii kumhukumu yeyote upya. Linalotuhusu ni hili: ikiwa magavana walikosea, walichaguliwa na sisi. Ikiwa wawakilishi wadi waliongozwa na chuki au tamaa, wao pia walichaguliwa na sisi, tena siku ile ile na katika vituo vile vile. Pande zote mbili za mzozo zilitoka katika sanduku moja la kura. Fahali hao wawili walipopigana, mkulima aliyengoja barabara na mgonjwa aliyengoja dawa ndio waliokuwa nyasi.

Huenda msomaji akauliza: je, sheria haipo? Ipo. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ina Sura ya Sita inayohusu uongozi na maadili, nayo yasema kwamba mamlaka aliyopewa afisa wa serikali ni amana ya umma. Hata hivyo, Katiba hiyo hiyo yaeleza kuwa mgombea hazuiwi kuwania kiti hadi nafasi zote za kukata rufani ziishe. Kinga hiyo ni ya haki, kwani bila ya kinga hiyo serikali yoyote ingeweza kuwafungia nje wapinzani wake kwa kuwashtaki tu. Lakini kesi nchini hujikokota kama konokono. Ndiyo maana, kabla ya uchaguzi wa 2022, Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi iliwasilisha majina ya wawaniaji 241 iliowatilia shaka, ilhali wengi wao hawangeweza kuzuiwa kisheria. Chekeche la sheria lina matundu mapana. Chekeche la mwisho limo mikononi mwa mpiga kura.

Ajabu ni kwamba mikono hiyo hiyo ni hodari wa kuchekecha. Mtazame mnunuzi wa mchele wa Mwea. Huutia kiganjani, akaunusa, akatafuta chenga na mawe, akauliza kama ni pishori halisi au umechanganywa. Anayafanya hayo yote kwa ajili ya mlo wa siku mbili. Mbona basi hakagui hivyo anapochagua wa kumtawala miaka mitano?

Wapo watakaojibu kwamba mkono mtupu haulambwi, na kwamba mwenye njaa hana anasa ya kuukataa mfuko wa unga. Njaa hiyo ni ya kweli, wala si haki kuibeza. Lakini mgawaji hutarajia kurudishiwa chake, na atakirudisha kutoka katika zahanati na karo za watoto wa yule yule aliyepokea. Unga wa kampeni ni mkopo wenye riba.

Hapa ndipo wahadhiri wetu na wanafunzi wenzangu tunapohusika. Lugha ndiyo kazi yetu, na ufisadi umejificha ndani ya lugha. Hongo imeitwa chai, wizi umeitwa zamu yetu ya kula, na mtu akishachaguliwa huitwa mheshimiwa kabla hajafanya la kuheshimiwa. Tuyaite mambo kwa majina yake katika mijadala yetu. Tuifafanue Sura ya Sita kwa Kiswahili kinachoeleweka sokoni, tena kwa Kimeru na Kiembu inapohitajika.

Uchaguzi mkuu ujao unatarajiwa Agosti 2027. Kila mwaniaji atakayepanda jukwaani Makutano, awe wa ugavana au wa wadi, aulizwe maswali matatu: mali yako uliipataje? Una kesi gani mahakamani? Fedha ulizokabidhiwa awali ulizitumiaje? Asiyejibu tumnyime kura, hata akiwa wa ukoo wetu.