Hiyo antiruye si ya kuchezea

Tuseme wazi: mutuka wa kopo uliopakwa antiruye nyekundu si zawadi ya mtoto.

Vijana wetu wanajua kutengeneza mituka midogo kwa waya na makopo. Ni kazi nzuri, hata familia iliyokimbia vita inaweza kupata chakula humo. Ila bati laini halishiki rangi bila rangi ya chini, basi wanachukua mabaki ya gereji. Antiruye ya zamani, ile ya minium, imetengenezwa kwa madini ya risasi. Rangi inabanduka, mtoto analamba vidole, anameza. OMS inasema hakuna kiasi cha risasi kisicho na madhara, na ubongo wa mtoto ukiharibika haurudi.

Wengine wanajibu: "Sisi tulichezea hiyo hiyo, hatukufa." Jibu baya! Risasi inapunguza akili polepole, na mzazi anadhani mtoto ni mvivu wa masomo.

Simlaumu fundi kwanza. Ninamlaumu anayeuza rangi bila kuandika kilichomo, pamoja na serikali inayomwachia. OMS inashauri risasi isizidi sehemu 90 kwa milioni. Iandikwe kwenye kopo!

Wewe fundi, osha bati, sugua kwa msasa, tumia rangi ya maji. Au acha kopo la tomate na maandishi yake; linapendeza hivyo.

Kuanzia 1911 Lubumbashi ilivuta moshi wa kiwanda cha shaba. Tusiongeze sumu kwa mikono yetu.