Wanaotibiwa kukoroma wapewe maelezo



Natoa maoni yangu juu ya ugonjwa ambao wengi wetu huufanyia mzaha, yaani kukoroma.

Sisi wakazi wa Malindi tunaishi nyumba zilizobanana, dirisha likitazamana na dirisha, na mtu akikoroma hata jirani wa ng'ambo ya uchochoro hujua. Mkoromaji huchekwa, kisha hushauriwa akakatwe kimeo mitaani. Jambo hili ni la hatari. Kisu kisichochemshwa huweza kumwachia mtu pepopunda au Ukimwi, na damu ikifululiza mkata vimeo hana la kufanya.

Isitoshe, si kila mkoromo unatokana na kimeo. Mwengine ana nyama puani, mwengine mafindofindo, mwengine unene wa shingo. Na yupo ambaye pumzi humkatika usingizini, akashituka kama mtu anayezama, na mchana akasinzia kazini. Huyo akikatwa kimeo, kelele zinaweza kupungua na ugonjwa ukabaki, ukazidi kumpandisha shinikizo la damu. Kwa maradhi hayo iko mashine ya kumpulizia mgonjwa hewa anapolala, iliyobuniwa na Daktari Colin Sullivan wa Australia. Kwa hiyo kwanza ni kupimwa na daktari wa masikio, pua na koo, tena mtu aende na anayelala naye, kwani mkoromaji hajisikii.

Mimi nilipimwa, nikapunguzwa kimeo hospitalini. Niliporuhusiwa kurudi nyumbani niliambiwa nile vitu laini, basi. Siku ya tatu koo liliuma kuliko siku ya kwanza, maumivu yakapanda hadi masikioni, na kidonda kikafanya utando mweupe. Watu wa nyumbani wakadhani ni usaha, wakataka nipelekwe kwa mtu akanisugue kwa dawa. Nilirudi kwa daktari, naye akasema hayo yote ni kawaida ya kidonda cha koo kinapopona, na kwamba kukisugua ni kutafuta damu. Je, kwa nini mgonjwa asielezwe haya mapema?

Nawaomba wanaohusika na mambo ya afya watayarishe karatasi moja ya Kiswahili chepesi, apewe kila mgonjwa wa namna hii. Iseme kuwa kabla ya operesheni ataje dawa zote anazotumia, za hospitali na za mitishamba, hasa asprini ambayo huzidisha kutoka damu. Na kama atapewa nusukaputi, asile kwa saa atakazoambiwa. Baada ya hapo anywe maji mara kwa mara hata kama koo linauma, ale uji uliopoa, aache urojo, pilipili, ndimu na sigara, na alale kichwa kikiwa juu ya mito. Kama hakuna haraka, operesheni isiwekwe karibu na Ramadhani, maana koo litahitaji maji mchana kutwa. Wala asipande boti kabla ya wiki mbili, kwani damu huweza kutoka tena hata siku ya kumi, na baharini hakuna wa kuizuia. Akiona damu mbichi, arudi hospitali saa hiyo hiyo.

Karatasi hiyo haina gharama kubwa, nayo itawaokoa wengi na visu vya mitaani.

Mkazi wa Malindi,
Zanzibar.