Ukiirembesha Altezza, mkumbuke anayekaa siti ya nyuma

Baba mmoja wa Nyakato, hapa Mwanza, ameniandikia wiki hii. Amenunua Toyota Altezza iliyotumika. Injini iko vizuri, lakini ndani imechoka: kitambaa cha dari kinaning'inia, siti zimepauka, kapeti linanuka. "Dada, nataka niifanye iwe kama mpya kabla shule hazijafunguliwa. Ila mwanangu wa miaka minne ana pumu, na kila tukipanda anakohoa. Nianzie wapi?"

Najua wapo wazazi wengi wenye swali hili. Altezza zilitengenezwa kati ya mwaka 1998 na 2005, kwa hiyo hata iliyo changa kabisa imefikisha miaka 20 hivi. Ni gari la vijana wapenda mwendo, lakini vijana hao sasa ni wazazi, na siti ya nyuma imejaa watoto na mfuko wa dagaa kutoka Mwaloni.

Tuanze na hicho kikohozi.

Tafuta unyevu kwanza

Kapeti linalonuka mara nyingi lina maji chini yake. Maji huingia kupitia mipira ya milango iliyochakaa, au bomba la kutolea maji ya AC limeziba. Penye unyevu huota ukungu, na ukungu pamoja na vumbi ni vichochezi vinavyojulikana vya pumu. Ukinunua kava mpya na manukato kabla ya kuziba panapovuja, umefunika tatizo tu. Tena manukato makali yenyewe yanaweza kumbana kifua mtoto mwenye pumu.

Mwambie fundi afungue siti, atoe kapeti lote na sponji ya chini yake. Vioshwe kwa sabuni ya kawaida, visuuzwe, vianikwe mpaka vikauke kabisa. Kazi hii inafaa zaidi kiangazi, Juni hadi Agosti, kuliko wakati wa vuli au masika. Muulize pia kuhusu filta ya hewa ya ndani. Magari mengi ya Kijapani huwa nayo nyuma ya kiboksi cha dashbodi upande wa abiria, na ni rahisi kuibadilisha.

Kapeti lisiende kuoshwa ziwani, wala usiwatume watoto kulisugua ufukweni. Mwambao wa Ziwa Victoria una kichocho, na vimelea vyake hupenya kwenye ngozi ya mtu anaposimama majini. Isitoshe, sabuni na oili zitaingia kwenye ziwa lilelile tunalochota maji ya kunywa.

Gundi ya dari

Kitambaa cha dari huanguka kwa sababu sponji nyembamba iliyo nyuma yake imeoza kwa joto na kubaki unga. Unga huo usipukutishwe mtoto akiwa karibu. Fundi naye avae barakoa. Gundi inayotumika kubandika kitambaa kipya huwa na kemikali zenye mvuke mkali, unaoleta kizunguzungu na kuumwa kichwa. Kazi ifanyike mahali pa wazi, na baada ya hapo gari likae siku kadhaa vioo vikiwa wazi, kivulini. Mama mjamzito na mtoto mwenye pumu wasipande mpaka harufu iishe.

Mikanda isizikwe

Hapa ndipo ninapoona makosa mengi. Kava mpya zinafungwa vizuri, lakini vishikizo vya mikanda ya nyuma vinaachwa chini yake. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda unaweza kupunguza hatari ya kifo cha abiria kwa hadi asilimia 50. Kabla hujalipa, keti nyuma mwenyewe, funga kila mkanda, uvute kwa nguvu. Ulioanza kufumuka ubadilishwe.

Mikanda michafu ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, ikaushwe kivulini. Usitumie jiki, kwa kuwa inadhoofisha nyuzi. Na kumbuka kwamba kwa mtoto wa miaka minne mkanda wa mtu mzima hupita shingoni badala ya begani. Anahitaji kiti chake cha gari, kifungwe siti ya nyuma.

Usukani na mifuko ya hewa

Vijana hupenda kung'oa usukani wa asili na kuweka mdogo wa michezo. Usukani wa asili una mfuko wa hewa ndani yake. Ukiung'oa, dereva amebaki bila kinga hiyo. Baadhi ya magari yana mifuko hiyo ubavuni mwa siti pia, na kava isiyo na uwazi upande huo inaweza kuizuia kufunguka. Fundi atoe waya wa betri na kusubiri kabla ya kufungua siti au usukani, na asichezee nyaya zenye soketi za njano.

Kuna jambo jingine. Mamilioni ya magari ya Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru na mengine yaliitwa kurekebishwa duniani kwa sababu ya mifuko ya hewa iliyotengenezwa na Takata. Kemikali iliyomo huharibika kwa miaka mingi ya joto na unyevu, na mfuko ukifunguka unaweza kurusha vipande vya chuma. Mpe wakala wa kampuni iliyotengeneza gari lako namba ya chesisi akuangalizie.

Fedha ikiwa kidogo

Fuata mpangilio huu: ziba panapovuja, kausha kapeti, badilisha filta, kagua mikanda, nunua kiti cha mtoto. Kitambaa cha dari kifuate. Kava za siti na taa za rangi zije mwisho. Mafuta ya kung'arisha dashbodi yasipakwe kwenye usukani wala pedeli, yanateleza.

Kwa baba wa Nyakato: usafi wa gari si dawa ya pumu. Mpeleke mtoto kliniki, umweleze daktari kwamba anakohoa zaidi garini, na dawa yake ya kuvuta iwe karibu kila mnaposafiri. Akipumua kwa shida au mbavu zikibonyea, msisubiri. Nendeni hospitali mara moja.