SIHA YA MWILI: Mashine ya Kupigia Makasia na Mgongo Uendao Upande

Katika baadhi ya nyumba zetu siku hizi imeingia mashine ya kupigia makasia, ambayo mtu huketi juu ya kiti chenye magurudumu, akasukuma kwa miguu na kuvuta mpini. Sisi hatuoni ubaya wake. Bali twaona yafaa sana, hasa kwa mabibi na mabinti zetu, kwani mtu huufanyia mwili wake mazoezi ndani ya nyumba yake, na stara yake asiivunje. Mtume wetu, sala na salamu zimshukie, alimkumbusha Abdullah bin Amr, aliyekuwa akifunga kila siku na kusali usiku kucha, ya kuwa mwili nao una haki juu ya mwenyewe.

Lakini yako malalamiko. Kijana huvuta mashine kwa juma chache, kisha mgongo humuuma upande mmoja, hata akaona taabu kurukuu na kusujudu. Hapo wazee huilaumu mashine, na mashine ikasukumwa pembeni kuanikiwa nguo.

Yapasa ijulikane kwamba mashine hii si mtumbwi. Mvuvi apigaye kafi upande mmoja hana budi kukigeuza kiwiliwili chake. Na hali kadhalika wale wa mashua za mashindano ambao kila mmoja hushika kasia moja. Mashine ina mpini mmoja, mnyororo mmoja katikati, na kiti juu ya reli moja. Basi ikiwa sakafu imelingana, na vibao vya nyayo vimewekwa katika nambari moja kulia na kushoto, kila kinachokwenda upande chatoka kwa mwenye kuvuta.

Naye mwenyewe hakijui, kwani mwili uliozoea kupinda hujiona umenyoka. Kwa hiyo na amwambie nduguye asimame nyuma yake, au aiweke simu nyuma ijipigie picha. (Simu hizi ambazo twawagombeza vijana kwazo kutwa kucha, hapa zina kazi njema.) Atazame: Je, mpini wafika kifuani umelala sawa, au ncha moja i juu? Goti moja laanguka nje? Bega moja lapanda kuelekea sikioni? Amekalia makalio yote mawili kwa uzito mmoja?

Kabla ya kulia na kushoto, lakini, mgongo kwanza. Ajuaye kurukuu vizuri amekwisha jua nusu ya jambo hili. Mwenye kurukuu kama ilivyofundishwa hakunji mgongo ukawa kama upinde. Huinama kutoka nyongani, na mgongo wake umenyoka, kichwa hakikuinuliwa wala hakikuinamishwa. Ndivyo hivyo hivyo kitini. Anaposogea mbele, kiwiliwili kiinamie mbele kidogo kutoka nyongani, mfano wa mshale wa saa ulipo kwenye 11 kwa mtu amtazamaye ubavuni; na miundi ya miguu isimame wima, isipite hapo. Kisha miguu isukume kwanza, na mikono ingali imenyoka. Miguu ikikaribia kunyoka, ndipo kiwiliwili kirudi nyuma hata kama kwenye 1, na mwisho mikono ivute mpini hata chini ya kifua. Kurudi ni kinyume chake: mikono, kiwiliwili, kisha magoti. Wengi huvuta kwa mgongo kabla ya miguu kumaliza kazi yake, na mgongo uliochoka ndio utafutao upande wa kuegemea.

Dawa yake ni upole. Kile kishikizo cha ubavuni mwa gurudumu la upepo, chenye nambari 1 hata 10, kisipandishwe juu kwa kujionyesha. 3 au 4 yatosha. Mivuto iwe 18 au 20 kwa dakika, na kurudi kuchukue kama mara mbili ya muda wa kuvuta. Mikanda ipite juu ya mahali vidole vya miguu vinapoanzia, nayo ikazwe sawasawa. Kisha avute kwa miguu peke yake, mikono imenyoka, kwa dakika chache, akisikiliza kama visigino vyote viwili vyasukuma pamoja. Baadaye aifungue mikanda kabisa avute bila kufungwa: ajitupaye nyuma kwa pupa ataanguka, kwa hiyo atajifunza kujizuia. Mpini aushike kwa vidole, umbali mmoja kutoka katikati, wala asiukabe.

Jambo la mavazi nalo tusilisahau. Kanzu ndefu au buibui huingia katika magurudumu ya kiti. Suruali pana isiyoburura yatosheleza stara na salama. Na watoto wadogo wasiachwe karibu na reli, vidole vyao vitabanwa.

Ama mwenye mguu mmoja mfupi kuliko wa pili, au aliyepata kuvunjika, asijitibu kwa maneno yetu haya, bali aende kwa daktari. Na yule ambaye maumivu yamshuka mguuni, au apatwa na ganzi, aache kuvuta siku ile ile akaonwe. Akiona mguu wakosa nguvu, au mkojo wamponyoka, asingoje asubuhi; apelekwe hospitali usiku huo huo.