Kurudi na kurudia: Tuwahukumu vipi wakongwe wa Orchestra Baobab?

Mashabiki wa muziki ni mahakimu wakali, na hakuna wanaohukumiwa kwa ukali zaidi kuliko wakongwe waliothubutu kurudi. Bendi iliyovunjika zamani ikikusanyika tena na kufyatua albamu mpya, hailinganishwi na bendi nyingine za wakati huo. Hulinganishwa na nafsi yake yenyewe ilipokuwa katika siku za ujana, na aghalabu hushindwa. Kisha miaka hupita, albamu ile ile husikilizwa upya, na wale wale walioikejeli huanza kunong'ona kwamba huenda mlikuwa na jambo ndani yake. Leo ningependa tuitazame kesi moja ya namna hiyo, maana ina mafunzo kuhusu muziki na, kwa maoni yangu, kuhusu lugha pia. Ni kesi ya Orchestra Baobab ya Senegal na albamu yao ya mwaka wa 2002, Specialist in All Styles.

Kwa wasioifahamu, bendi hii ilizaliwa mwaka wa 1970 katika klabu iliyoitwa Baobab jijini Dakar. Baadhi ya waanzilishi wake walitoka Star Band, iliyokuwa ikitamba wakati huo. Ilikuwa bendi ya watu wa makabila na lugha mbalimbali. Balla Sidibé na Rudy Gomis walikuwa watu wa Casamance, kusini mwa nchi. Laye Mboup alileta uimbaji wa Kiwolofu wa malenga wa jadi, wale ambao katika Afrika Magharibi huitwa griot. Issa Cissokho alipuliza saksafoni. Mpiga gitaa Barthélemy Attisso alikuwa Mtogo aliyefika Dakar kusomea sheria, akajifunza gitaa mwenyewe. Msingi wa muziki wao ulikuwa midundo ya Kuba. Santuri za Kuba zenye alama ya GV zilianza kuuzwa barani Afrika katika miaka ya 1930, na ndizo hizo hizo zilizowafunza wanamuziki wa Kongo ambao baadaye walikuja kuwafunza wa Nairobi. Kwa hivyo, mtu wa hapa kwetu akiisikia Baobab kwa mara ya kwanza, yamkini ataona kana kwamba amekutana na binamu.

Sifa zao zilidumu takriban muongo mmoja. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alitokea kijana Youssou N'Dour na mtindo wa mbalax, uliotanguliza ngoma za sabar na kuupa kisogo ulaini wa Kuba. Vijana wa Dakar walimfuata. Kufikia mwaka wa 1987 Baobab ilikuwa imesambaratika. Attisso alirudi Lomé, akafanya kazi ya uwakili, na gitaa akaliweka kando kwa miaka mingi. Hata hivyo, nyimbo walizorekodi mwaka wa 1982 na kujulikana kama Pirates Choice zilisambazwa Ulaya mwaka wa 1989, zikatolewa tena mwaka wa 2001 zikiwa zimeongezwa nyingine. Mwaka huo wa 2001 bendi iliungana upya, na mwaka uliofuata ikatoa albamu tunayoizungumzia. Watayarishaji walikuwa wawili: Nick Gold wa kampuni ya World Circuit ya London, na Youssou N'Dour mwenyewe. Naam, yule ambaye mtindo wake uliwaondoa jukwaani ndiye aliyewashika mkono warejee.

Malalamiko ya mashabiki wa kale yalikuwa matatu, nami nimeyasikia mara nyingi katika mazungumzo na wapenzi wa muziki huu. La kwanza, kwamba wazee wale walirudia nyimbo zao za zamani badala ya kutunga mpya. La pili, kwamba sauti ya albamu ni safi kupita kiasi, imepoteza ule ukungu na joto la Pirates Choice. La tatu, kwamba albamu ilitengenezwa kwa ajili ya wanunuzi wa Ulaya, kwa kuwa kampuni iliyoitoa ndiyo iliyotoa Buena Vista Social Club ya wazee wa Kuba mwaka wa 1997 na kufanikiwa sana.

Katika miaka ya karibuni hukumu hiyo imeanza kulegea, na sababu moja ni dhahiri. Ndiouga Dieng, mmoja wa waimbaji, alifariki mwaka wa 2016. Issa Cissokho akafuata mwaka wa 2019, Balla Sidibé mwaka wa 2020, Attisso mwaka wa 2021, na Rudy Gomis mwaka wa 2022. Albamu iliyoonekana kuwa kivuli cha ujana imegeuka kumbukumbu ya watu ambao hatutawaona tena jukwaani. Hapa ndipo ninapotaka tuwe waangalifu. Mauti hayaongezi utamu wa wimbo. Ikiwa tunaisifu albamu leo kwa kuwa wenyewe wamezikwa, basi sifa hizo ni za matangani, nazo huisha pindi matanga yanapoanuliwa. Albamu hii inastahili utetezi wa maana zaidi, na utetezi huo umo ndani ya kitenzi kimoja cha Kiswahili.

Kitenzi chenyewe ni kurudi. Maana yake ya kwanza anaijua kila mtu: kwenda ulikotoka. Lakini lugha yetu haikukomea hapo. Nguo ikifuliwa ikapungua, tunasema imerudi. Mzazi akimwadibu mwanawe, tunasema amemrudi. Tukiongeza kiambishi cha kutendea tunapata kurudia, na tukiongeza cha kusababisha tunapata kurudisha. Mashabiki waliolalamika walikuwa na maana mbili tu akilini: kwamba wazee walirudia, na kwamba walirudi kama nguo. Tuzipime maana hizo moja baada ya nyingine.

Tuanze na kurudia. Ni kweli kwamba baadhi ya nyimbo tisa za albamu hiyo zilikuwa zimekwisha kurekodiwa zamani. Wimbo wa On Verra Ça, kwa mfano, waliurekodi Paris mwaka wa 1978. Lakini ni nani aliyetufundisha kwamba kurudia ni upungufu wa ubunifu? Katika fasihi simulizi, ambayo ndiyo mama wa muziki huu, fanani husimulia kisa kile kile kwa mara ya mia, na hatumwambii ameishiwa. Tunajua kwamba kila utendaji ni matini mpya, kwa sababu msimulizi amebadilika, hadhira imebadilika na saa imebadilika. Fikra ya kwamba wimbo una umbo moja sahihi, lile lililonaswa siku moja studioni, tumeletewa na mashine ya kurekodi. Haikuwa fikra ya malenga wetu. Anayewadai wazee wa Baobab waimbe vile vile walivyoimba mwaka wa 1978, na papo hapo akawalaumu kwa kurudia, ana madai mawili yanayopingana.

Zaidi ya hayo, maneno yale yale hayabebi maana ile ile yakitamkwa na mtu wa umri mwingine. Jambo hili kila mwanaisimu analijua. On Verra Ça ni maneno ya Kifaransa yenye maana ya 'tutaona'. Yakitoka kinywani mwa vijana wenye klabu, mashabiki na sifa, ni maneno ya kujigamba. Yakitoka kinywani mwa wanaume wale wale baada ya kuvunjika kwa bendi na miaka mingi ya kimya, ni maneno ya waliokwisha kuona. Katika albamu hiyo hiyo mna wimbo uitwao Dée Moo Wóor, jina la Kiwolofu linalosema kwamba kifo ndicho cha hakika. Kijana anaweza kuimba hivyo kwa ufundi. Mzee huimba hivyo kwa kujua.

Sasa tuje kwa nguo iliyorudi. Hapana shaka kwamba sauti za mwaka wa 2002 si zile za mwaka wa 1982. Pumzi ni fupi kidogo, haraka imepungua, na waimbaji hawapandi juu bila kufikiri. Hata hivyo, tuikumbuke nguo yenyewe. Inaporudi, nyuzi zake hukaribiana, na kitambaa huwa kizito zaidi mkononi. Msikilizeni Attisso katika albamu hii. Mtu aliyeliacha gitaa miaka na miaka akaenda kutetea wateja mahakamani hana haja ya kupiga noti nyingi. Anapiga chache, na kila moja ina kazi. Usafi wa rekodi unaolalamikiwa ndio unaotuwezesha kusikia wapi gitaa linajibu saksafoni, na wapi linanyamaza makusudi. Ukungu wa Pirates Choice una utamu wake, nami siukani. Lakini ukungu huo ulitokana kwa kiasi fulani na vyombo vya kurekodia vya wakati ule. Tusiufanye kuwa ndio roho ya bendi.

Inabaki maana ya kurudisha, ambayo mashabiki hawakuitilia maanani. Bendi hii ilirudisha nini? Ilirudisha, kwanza, mchanganyiko wa lugha. Baobab waliimba kwa Kiwolofu, kwa Kimandinka, kwa krioli ya Kireno ya kusini, kwa Kifaransa na kwa Kihispania cha Kuba. Mbalax ulipokuja uliipa lugha ya Kiwolofu hadhi kubwa, na hilo ni jema, lakini pia uliitanguliza lugha moja mbele ya nyingine. Waliporudi akina Sidibé na Gomis, zilirudi nao sauti za Casamance. Pili, ilirudisha sauti ya marehemu. Laye Mboup alikufa katika ajali ya gari mwaka wa 1974. Katika albamu ya 2002 nafasi yake ilishikwa na Assane Mboup, mwimbaji wa kizazi cha baadaye, na mtindo wa malenga yule ukapata koo jipya. Tatu, ilirudisha deni kwa Kuba. Katika wimbo mmoja Ibrahim Ferrer wa Buena Vista anaimba pamoja na Youssou N'Dour: Mkuba aliyezeeka na Msenegal aliyeusukuma muziki wa Kuba kando, wakiwa katika wimbo mmoja. Ferrer alifariki mwaka wa 2005. Nafasi kama hiyo haitapatikana tena.

Na lile lalamiko la tatu, la pesa za Ulaya? Halina budi kujibiwa kwa haki. Ni kweli kwamba kampuni ya London ililipia kazi hiyo na kwamba wanunuzi wengi walikuwa ng'ambo. Lakini lawama hiyo imeelekezwa kwa asiyestahili. Wanaopaswa kuulizwa ni wale wa barani humu waliokuwa na redio, studio na mifuko, wakawaacha wanamuziki wa kiwango hiki wakae kimya kwa zaidi ya muongo. Aliyemwokota mtoto njiani hatumwiti mwizi kabla ya kumuuliza mzazi alikuwa wapi. Isitoshe, albamu iliyofuata mwaka wa 2007, Made in Dakar, ilirekodiwa nyumbani Senegal, na jina lake linajieleza. Safari ya London haikuwakata mizizi.

Msomaji atauliza, haya yote yanatuhusu nini sisi wa Kenya? Yanatuhusu sana. Sisi pia tulikuwa na bendi za namna hiyo, zilizokunywa kisima kile kile cha Kuba na Kongo. Ndugu Wilson na George Kinyonga walitoka Tanga wakaifanya Nairobi kuwa makao ya Simba Wanyika. George alifariki mwaka wa 1992 na Wilson mwaka wa 1995, kabla ya Buena Vista kuushawishi ulimwengu kwamba wazee wanaweza kuuzika. Nyimbo zao bado zinapigwa redioni, na kila mtu huzijua. Lakini zinapigwa kama picha ya ukutani. Mtangazaji hutaja jina la wimbo, mara nyingine hata hilo halitaji, na wapiga ala hawatajwi kabisa. Mkongwe aliye hai akithubutu kutoa kazi mpya, kituo kile kile humwomba alete ile ya zamani. Tumewafungia katika ujana wao, kisha tunalalamika kwamba hawana jipya.

Wahenga walisema jungu kuu halikosi ukoko. Lakini ukoko hauji wenyewe mezani, hukwanguliwa. Wapo miongoni mwetu wanamuziki wa miaka ya 1970 na 1980 ambao bado wana vidole na bado wana sauti. Watangazaji wawape saa moja ya kazi yao mpya kwa kila saa tano za kazi yao ya kale. Wenye studio wawape siku mbili tatu za kurekodi wakiwa hai, watunzi na wapiga ala wakiandikwa majina yao kamili. Nasi mashabiki, tukiipata albamu ya mkongwe aliyerudi, tuisikilize mara tatu kabla ya kutoa hukumu: mara ya kwanza kwa kumbukumbu ya ujana wake, kwa kuwa hilo halizuiliki, mara ya pili kwa kuisahau kumbukumbu hiyo, na mara ya tatu kwa kuuliza amerudisha nini.

Nilisema kwamba kurudi kuna maana ya kuadibu pia. Albamu ya Orchestra Baobab imewarudi mashabiki wake, polepole, kwa zaidi ya miaka ishirini. Wamefunzwa kwamba bendi haiwi na deni la kubaki kijana. Ni funzo jema, ila lilichelewa kwa wengi wa waliolitoa. Kwa wakongwe wetu waliobaki, muda bado upo, ingawa si mwingi.